Kilomita 38: siku tano kati ya Tromsø, Vadsø na Kirkenes

Nimesharudi Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe ninakosoma, wiki mbili sasa. Daftari langu lililowa kwenye theluji, kurasa mbili hazisomeki, kwa hiyo saa nyingi nimezipata kwenye picha za simu. Walioniuliza "huko juu kabisa kuna nini" watanivumilia nikianza na hesabu, maana safari yenyewe ilianza na hesabu mbovu.

Nilipima kwenye ramani ya simu. Tromsø hadi Vadsø, mstari ulionyooka, ni kilomita 420 hivi. Ndege ya pangaboi huenda karibu kilomita 500 kwa saa. Nikajiambia ni saa moja, nitakula chakula cha mchana kwa Mama.

Mama huyu si mamangu mzazi. Ni mama wa kijana wa Kikongo tunayesoma naye chuo hapa Tromsø. Mwaka jana aliposikia natokea Kigoma alicheka, akasema mama yake amekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani kwetu, miaka mingi kabla ya kuletwa Norwe, na kwamba nikifika Vadsø nisipomsalimia nitakuwa nimemtukana. Nyumbani walikuwa wamenitumia dagaa kilo moja na nusu. Kilo moja ikawa ya Mama.

Siku ya kwanza, Alhamisi 20 Machi: Tromsø – Vadsø

Tiketi krone 1,480. Krone moja ilikuwa kama shilingi 250 za kwetu, fanya hesabu mwenyewe halafu unywe maji. Kumbe hiyo ni bei iliyopunguzwa: njia nyingi za viwanja vidogo vya huku serikali huzilipia sehemu ya gharama, la sivyo hakuna kampuni ambayo ingepeleka ndege kwenye kijiji cha wavuvi.

Ndege ilikuwa Dash 8 ya viti 39, iliyotengenezwa Kanada. Aliyewahi kupanda Q400 ya Air Tanzania (ATCL) kwenda Kigoma anaijua, ila huyu ni mdogo wake: mfupi, mabawa juu, mhudumu mmoja tu. Tuliondoka saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Dakika arobaini baadaye tukatua. Nikasimama kuchukua begi. Bibi wa kiti cha pembeni akanishika mkono wa koti: "Hammerfest," akasema. "Wewe unaenda wapi?" Nikamwambia Vadsø. Akacheka kwa huruma, akaninyooshea vidole vinne. Hammerfest, Mehamn, Berlevåg, Båtsfjord, ndipo Vadsø. Nilikuwa nimekata tiketi ya daladala bila kujua.

Na kweli ni daladala. Wanashuka watatu, wanapanda wawili, sanduku la dawa linateremshwa, mlango unafungwa, twende. Walioendelea na safari hawakuinuka hata. Njia za kurukia kwenye vituo hivi nyingi zina urefu wa mita 800 na ushei tu, zimebanwa kati ya mlima na bahari, na rubani akishagusa chini anafunga breki mpaka mkanda unakukata tumbo. Viwanja kadhaa kati ya hivi vilifunguliwa mwaka 1974. Bibi yule alikuwa msichana wakati huo. Alisema kabla ya hapo mtu akiugua wakati wa baridi walingoja meli, na meli nayo ilingoja bahari itulie.

Hammerfest tulikaa dakika arobaini zaidi ya ratiba kwa sababu ya upepo. Mehamn, kwenye latitudo 71, niliona nyumba za rangi, mashua na weupe, basi. Kutoka Mehamn kwenda Berlevåg ni kilomita 47. Berlevåg kwenda Båtsfjord ni 39. Ndege haipati hata muda wa kupanda juu: taa ya mkanda haizimwi, mhudumu hainuki, na chini unaona mawimbi yakipasuka kwenye miamba kana kwamba umekaa ghorofa ya ishirini.

Jioni nilijumlisha vipande vyote vitano: kilomita kama 515 badala ya 420, na saa tatu na dakika arobaini badala ya ile moja niliyojipimia.

*Kwa atakayefuata:* soma tiketi yako, idadi ya vituo imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya saa. Beba chakula, maana viwanja hivi vingi vina mashine ya kahawa tu. Kwenda mashariki kaa kushoto uone bahari, kaa kulia uone milima. Mabawa yako juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kiti kibaya sana. Na usishuke mpaka usikie jina la mji wako.

Vadsø nilipokelewa na mwanamke aliyefunga kitenge juu ya suruali ya theluji. "Weye ndiye mtoto ya Kigoma?" Nikamwambia ndiyo, Mama, shikamoo. Akaitikia marahaba, akanyanyua mfuko wa dagaa, akaunusa pale pale mbele ya wasafiri, akafumba macho.

Siku ya pili, Ijumaa: Vadsø

Niliamka nikidhani nimechelewa. Jua lilikuwa dirishani na simu inasema saa kumi na moja alfajiri. Hii ilikuwa wiki ile ya Machi ambapo usiku na mchana vinalingana dunia nzima. Nikampigia mama yangu Kigoma kwa WhatsApp. Kwao ilikuwa saa moja na kitu asubuhi, akasema jua ndiyo kwanza linatoka.

Nilikaa nikalifikiria hilo mpaka chai ikapoa. Kigoma na Vadsø ziko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo, moja ikiwa digrii 5 hivi kusini mwa ikweta na nyingine digrii 70 kaskazini. Katikati kuna zaidi ya kilomita 8,300, lakini siku hiyo jua lilichomoza kwetu sote karibu kwa pamoja. Tofauti ya saa mbili ni ya watu: Tanzania tunafuata saa ya pwani, Vadsø wanafuata saa ya Oslo, na miji yote miwili iko mbali na waliopanga.

Mji una watu elfu tano na kitu. Mama alikuwa kazini hadi saa tisa (anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee), kwa hiyo nilitembea peke yangu mpaka kwenye kisiwa kidogo cha Vadsøya kuona mlingoti. Ni mnara wa chuma uliosimama peke yake kwenye theluji. Mei 1926 ulifungiwa puto kubwa la injini, Norge, la msafara wa Roald Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile. Lilitoka Leningrad na Nobile, likatua hapa kwa saa chache, likaenda visiwa vya Svalbard walikokuwa wakingoja Amundsen na Ellsworth, na tarehe 12 Mei likapita juu ya Ncha ya Kaskazini, likaishia kijiji cha Teller, Alaska. Nobile alirudi mwaka 1928 na puto jingine, Italia, akalifunga kwenye mlingoti huohuo. Safari ile iliishia kwa ajali kwenye barafu, na Amundsen akapotelea baharini alipokwenda kumtafuta.

Nilisimama pale vidole vikifa ganzi. Kutoka mlingotini unaona ng'ambo ya fjordi (mkono mrefu wa bahari) ya Varanger, milima meupe, chini kabisa ya upeo wa macho.

Katikati ya mji kuna sanamu ya familia ya wahamiaji. Ni kumbukumbu ya Wakven, watu waliotoka Ufini na kaskazini ya Sweden karne ya 18 na 19 kwa sababu ya njaa, wakavuka vidda, nyika ya juu isiyo na miti, kwa miguu kufuata samaki. Mama aliniambia jioni kwamba mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa anapita pale kila siku na mfuko wa ununuzi. "Nilimwona yule mama wa chuma na watoto wake, nikasema, huyu naye kambi yake ilikuwa wapi?"

Chakula cha jioni: ugali wa unga wa mahindi alioagiza Oslo, dagaa za Kigoma na torsk mbichi aliyopewa na mvuvi bandarini. Torsk ndiye samaki wa kila siku huku, mnene na mweupe. Dagaa ziliisha kwanza. Watoto wawili wa mwisho, waliozaliwa hapahapa, walikula torsk tu na kulalamika kwamba dagaa zina macho.

Baada ya kula Mama alinipeleka kwenye dirisha la jikoni. Taa ng'ambo hazionekani, iko mbali kidogo, lakini alielekeza kidole gizani. "Kirkenes iko pale. Mchana ukiwa mweupe naona milima. Nilipokuwa kwetu Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, niliona milima ya Tanzania. Nilipofika Kigoma niliona milima ya kwetu." Mtu wa Kigoma haambiwi maneno hayo mara mbili. Tumekua tukiitazama Kongo ng'ambo ya ziwa kama mtu anavyotazama ukuta wa jirani.

Siku ya tatu, Jumamosi: Vardø na kurudi

Jumamosi ndege ni chache na mabasi ni machache zaidi. Jirani wa Mama, mzee Mnorwe aliyestaafu uvuvi, akasema anakwenda Vardø kumwona dada yake, twende. Kilomita 75 kwa barabara ya E75, ile inayoanzia Vardø na kuishia Sitia, kisiwa cha Krete, Ugiriki.

Kabla ya kufika tukakuta kizuizi kimeshuka. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji mpaka huoni boneti. Huku wana utaratibu wanaouita *kolonnekjøring*: magari yanasubiri mpaka trekta la theluji lije, kisha yote yanalifuata kwa mstari, taa ya mbele yako ndiyo macho yako. Tulingoja dakika hamsini. Mzee akatoa chupa ya kahawa na kunigawia nusu mkate wenye jibini ya kahawia, ile tamu kama sukari guru iliyochanganywa na maziwa. Nilimuuliza hachoki kungoja. Akasema kungoja ni sehemu ya barabara, imehesabiwa ndani.

*Kwa atakayefuata:* weka blanketi, maji na tochi garini hata kama safari ni ya saa moja. Tangi lisiwe chini ya nusu. Kwenye msafara usizime gari, usishuke, usimpite mtu.

Vardø iko kisiwani, unaingia kwa handaki la karibu kilomita tatu chini ya bahari, la kwanza la aina yake Norwe, lililofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanja chake cha ndege kiko Svartnes, upande wa bara. Hewani kutoka Vadsø ni kilomita 56 hivi.

Nilikwenda Steilneset peke yangu, mzee alikuwa kwa dada yake. Ni banda refu la turubai lililotandazwa kwenye fremu za mbao kando ya bahari, kazi ya msanifu Peter Zumthor. Ndani ni ujia mweusi, madirisha madogo 91, kila moja na taa yake, na kando ya kila moja maandishi ya mtu mmoja: jina, alituhumiwa nini, alisema nini mahakamani, aliuawa vipi. Watu 91 waliouawa Finnmark, mkoa huu, karne ya 17 kwa kuitwa wachawi, 77 kati yao wanawake. Pembeni, kwenye chumba cha vioo, kuna kiti kinachowaka moto, kazi ya Louise Bourgeois.

Mimi nina shangazi aliyeolewa Shinyanga. Kule bibi akiwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni imetosha watu kumnong'onea, na wengine wameamka wamekatwa mapanga. Nilifika dirisha la thelathini hivi nikatoka nje. Upepo ulikuwa mkali, ukanifaa.

Mzee alikataa hela ya mafuta. Nilipomsihi sana akasema basi, nimletee wale samaki wadogo wenye macho. Zilikuwa zimeisha. Ananidai mpaka leo.

Siku ya nne, Jumapili: Vadsø – Kirkenes, kilomita 38

Hii ndiyo safari niliyoipangia safari yote. Kutoka kiwanja cha Vadsø hadi kiwanja cha Kirkenes ni kilomita 38 hewani, fupi kuliko upana wa Ziwa Tanganyika usawa wa Kigoma. Ratiba inasema robo saa. Kwa barabara unazunguka fjordi yote, kilomita 170. Meli ya pwani inayotoka Bergen hupita Vadsø asubuhi na kufika Kirkenes kwa saa mbili hivi, nayo ingekuwa chaguo la mtu mwenye akili.

Mama alinifungia torsk aliyeganda, kilo mbili, kwenye magazeti na mfuko wa plastiki. "Umpelekee mwenzako chuo. Sasa usichelewe kama ulivyokuja, samaki atayeyuka." Nikamwambia, Mama, ni dakika kumi na tano.

Ndege ilikuwa ya saa tisa na dakika kumi. Saa tisa theluji ikaanza, ya kwenda kwa ubavu, si ya kudondoka. Tulikuwa watu watano kwenye chumba cha kusubiria, na tukaisikia ndege. Ilipita juu ya mawingu, ikazunguka, ikapita tena, sauti ikafifia. Kijana wa dirisha la tiketi akaweka simu chini na kutuambia imeendelea Kirkenes. Bila sisi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ndani ya dakika ishirini teksi kubwa ikafika mlangoni, imeshalipiwa.

*Kwa atakayefuata:* ndege ikifutwa kwa hali ya hewa, una haki ya kufikishwa unakokwenda kwa njia nyingine, na chakula ukingoja muda mrefu. Nenda dirishani uulize kwa upole, usinunue tiketi nyingine kwa hasira kama nilivyokaribia kufanya.

Tuliondoka saa kumi na nusu. Kwa saa nzima fjordi ilikuwa kushoto kwetu tukienda magharibi, yaani tukiiacha Kirkenes nyuma. Varangerbotn, kwenye kichwa cha fjordi, dereva alisimama. Kahawa krone 45, soseji 59. Kisha tukageuka, fjordi ikawa kushoto tena, safari hii upande wa pili.

Mmoja wa abiria alikuwa bibi Msami (Wasami ndio wenyeji wa asili wa huku) wa Nesseby, anakwenda kwa daktari wa meno Jumatatu asubuhi. Alitoa kisu kidogo kwenye mkanda, akachonga nyama kavu ya kulungu wa huku, akaipitisha kwa kila mtu bila kuuliza kama tunataka. Ngumu, ya chumvi, inafanana na nyama ya kukausha ya bibi yangu kule Kasulu. Aliniuliza kwetu kuna mifugo gani. Nilipomwambia ng'ombe wenye pembe ndefu akataka picha, nikamwonyesha, ikazunguka teksi nzima mpaka kwa dereva, ambaye tulimwomba atazame barabara.

Tulifika Kirkenes saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Hoteli krone 1,390, ghali kuliko yote. Chumba hakikuwa na friji, nikamweka samaki nje ya dirisha, kwenye ukingo, digrii 9 chini ya sifuri. Asubuhi alikuwa bado yupo, ila kunguru alikuwa ameshafungua ukurasa wa kwanza wa gazeti.

Siku ya tano, Jumatatu: Kirkenes – Tromsø

Asubuhi nilikuwa na saa tatu tu. Majina ya mitaa yameandikwa Kinorwe na Kirusi, mpaka wa Urusi, Storskog, uko kilomita 15 hivi. Niliona Andersgrotta kwa nje tu, handaki walimojificha watu mabomu yalipokuwa yakidondoka. Mji huu ulipigwa kutoka angani zaidi ya mara 300 kwenye Vita ya Pili, kisha Wajerumani wakauchoma wakiondoka, Oktoba 1944. Watu kama 3,000 waliishi ndani ya mgodi wa chuma wa Bjørnevatn mpaka askari wa Kisovieti walipofika. Kiwanja cha ndege cha Høybuktmoen nacho kilijengwa na Wajerumani hao.

Mmoja wa wafanyakazi wa hoteli alikuwa Mrwanda. Nilimwonyesha kwenye simu kwamba Kirkenes na Kigali ziko kwenye longitudo moja, digrii 30 na chembe. Akatazama, akaniambia, "Kwa hiyo nimepanda tu juu moja kwa moja."

Kwenye kiwanja nikasoma tiketi, nilikuwa nimeshajifunza. Kirkenes – Tromsø, kituo kimoja. Kituo: Vadsø.

Tulinyanyuka saa saba na dakika tano mchana, anga limetakata. Fjordi yote ikafunguka chini, bluu iliyoiva, na upande wa pili mji wa Mama na mlingoti kama sindano. Niliweka saa ya simu: kutoka magurudumu kuacha lami mpaka kugusa tena, dakika kumi na tatu. Ile jana nilitumia zaidi ya saa tatu kwenda nilikotoka leo. Wakashuka wawili, akapanda mmoja, na aliyebaki kitini tangu Kirkenes alikuwa bibi Msami, anarudi nyumbani kwa njia ya Tromsø kwa sababu ambazo hakunieleza, shavu limevimba.

Kutoka Vadsø tulikwenda moja kwa moja, saa moja na dakika tano.

Simu ilipopata mtandao Tromsø kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Mama, aliurekodi kazini, nyuma yake mzee mmoja akiimba. Amesikia ndege yangu ikitua na kuruka tena. Je, samaki?

Nikambonyeza kwa kidole ndani ya gazeti. Nikamjibu: jiwe, Mama. Bado jiwe.